Chungu cha Nyumbani Kina Haki ya Kwanza

Wasomaji wetu wa mashamba ya makazi katika Meru na Embu, barua zenu zimefika, na ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Wako waliouliza habari za mbolea na dawa ya viwavi. Hao Bwana Shamba atawajibu mahali pake. Lakini barua zilizozidi ni za mambo ya ndani ya nyumba: tule nini, tufanye kazi namna gani, na fedha zikae kwa nani. Nimezisoma zote, na ingawa zaonekana kuwa maswali mengi, mimi naona ni swali moja. Mazao yakitoka shambani, yapite wapi kwanza: kwenye gari la mnunuzi, au kwenye chungu cha nyumbani?

Jibu langu ni chungu. Nitaeleza sababu zangu, na asiyekubali aniandikie.

Barua ya kwanza ni ya mama mmoja wa upande wa Timau. Wana ng'ombe wawili wa gredi, wanaokamwa asubuhi na jioni, na maziwa yote huenda kwenye chama cha ushirika. Watoto wanne hunywa chai ya rangi na kula viazi. Mumewe asema karo ya shule haiwezi kulipwa kwa maziwa yaliyonywewa. Mama auliza: je, maziwa yana faida kwa mtoto kweli, au ni maneno tu ya wauguzi wa zahanati?

Mama, jambo hilo limekwisha kupimwa, wala halikupimwa Ulaya. Lilipimwa hapa hapa Embu, katika Kyeni, tangu mwaka 1998 hata 2000. Wataalamu wa Kenya na wa Marekani walichukua shule 12 za msingi, wakawapa watoto chakula cha saa nne kila siku ya masomo. Chakula chenyewe kilikuwa githeri, ile ile mnayoijua. Shule nyingine zilipewa githeri iliyotiwa nyama, nyingine githeri pamoja na kikombe cha maziwa, nyingine githeri iliyoongezwa mafuta. Shule za mwisho hazikupewa kitu wakati ule, ili watu waweze kulinganisha.

Matokeo yake yafaa kila mzazi ayajue. Watoto wote waliolishwa waliongezeka uzito kuwapita wasiolishwa. Waliokula nyama ndio waliofanya vizuri zaidi katika majaribio ya kufikiri, misuli ya mikono yao ilikua, na wakati wa michezo walionekana wachangamfu, wakiongoza wenzao. Waliokunywa maziwa, wale wadogo waliokuwa wamedumaa tangu mwanzo walirefuka zaidi. Sitasema maziwa yaliwafanya wawe na akili kuwapita wenzao, kwa maana majaribio hayakuonyesha hivyo. Lakini mtoto aliyedumaa akirefuka, hilo si jambo dogo. Nyama na maziwa vilevile viliwaongezea vitamini moja ya damu, yaani B12, ambayo wengi wao walikuwa na upungufu wake. Vitamini hiyo haimo katika mahindi, wala katika maharage, wala katika viazi. Hutoka kwa mnyama tu.

Sasa tuwe wa haki kwa baba. Karo ni karo, na mwalimu halipwi kwa mtindi. Lakini na tuhesabu. Watoto wanne wakinywa kikombe kimoja kila mmoja, cha robo lita, jumla ni lita moja kwa siku. Ng'ombe wawili wa gredi wasipoweza kutoa lita moja ya kubaki nyumbani, basi shida si watoto, shida ni majani ya ng'ombe, na Bwana Shamba aitwe. Majirani wengi wana desturi njema, nami naisifu: maziwa ya asubuhi ni ya ushirika, maziwa ya jioni ni ya nyumba. Baba hupata karatasi yake ya malipo, na mama hana haja ya kuomba kikombe kwake kama mgeni. Ila maziwa hayo yachemshwe kwanza hata yafure, kwa sababu ng'ombe anaweza kumwambukiza mtu homa ya kutupa mimba, ambayo hukaa mwilini muda mrefu na kumlegeza mtu viungo.

Na chai? Chai si sumu, nasi wa Meru na Embu tunaishi kwayo. Lakini ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili usipate madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga, na bila madini hayo damu hupungua. Mtoto na mama mjamzito wangoje kidogo baada ya kula, ndipo wanywe. Chungwa au papai pamoja na chakula hufanya kinyume chake: husaidia madini yale yaingie mwilini.

Mtu mwingine ameandika kwa hasira kidogo. Asema maneno haya ya kubakiza chakula nyumbani ni ya watu maskini. Mkulima wa kisasa hupanda zao moja la fedha, huuza, kisha hununua unga dukani kama mtu wa mjini. Bwana huyu ana akili, na maneno yake si mageni. Nitamjibu kwa habari ya Mwea.

Kazi ya mifereji ya Mwea ilianza mwaka 1954, siku za Hali ya Hatari, kwa mikono ya watu waliokuwa kizuizini. Siku zile Mwea ilikuwa ndani ya wilaya ya Embu. Leo imo Kirinyaga. Kila mpangaji alipewa ekari nne za mpunga, na mpunga ulileta fedha, hakuna awezaye kukana. Watu kutoka mbali walikuja kutazama, wakasema huu ndio mfano. Kisha mwaka 1973 kikatoka kitabu kikubwa juu ya Mwea, kilichohaririwa na Robert Chambers na Jon Moris, na ndani yake Jane Hanger pamoja na huyo Moris waliandika sura juu ya wanawake na uchumi wa nyumba. Waliyoyakuta hayakuwamo katika hesabu za ofisi. Mama alifanya kazi nyingi katika mpunga wa mumewe, lakini malipo yaliingia mkononi mwa mume. Nafasi ya kupanda mahindi na maharage, alivyozoea kupanda kwao, ilikuwa imepungua sana. Hata kuni, ambazo kwao aliziokota bure, ilimpasa kuzinunua. Ikawa nyumba ina fedha nyingi kuliko zamani, na mama ana taabu nyingi kuliko zamani ya kutia kitu sufuriani.

Bwana, sisemi mpunga ni mbaya. Nasema ya kwamba fedha hazigeuki kuwa chakula zenyewe. Hupita kwanza mikononi mwa mtu, na njiani kuna baa, kuna madeni, kuna harusi ya binamu. Maharage yaliyoko ghalani hayana njia ndefu hivyo.

Tena, hata waliotunga mpango wa Ekari Milioni mwaka 1962 hawakusahau jambo hili. Walipopima mashamba madogo waliweka shabaha ya mapato ya pauni 25, au 40, au 70 kwa mwaka. Lakini fedha hizo zilihesabiwa baada ya jamaa kula kutoka shamba lenyewe na baada ya mkopo kulipwa. Chakula kwanza, mkopo wa pili, fedha za mfukoni za tatu. Katika mashamba mengi tuliyoyatembelea mpangilio huo umepinduliwa juu chini, na kinachobaki mwisho, kama kipo, ndicho hupelekwa jikoni.

Nina barua ya kijana wa upande wa Mbeere ambayo imenihuzunisha. Shamba la baba yao lote ni muguka. Yeye huamka alfajiri kuchuma, hutafuna tangu saa tatu, na hana njaa mpaka jioni. Jioni naye hana usingizi. Asema amekonda, na auliza ale chakula gani cha kumrudishia nguvu.

Ndugu yangu, hakuna chakula cha kukurudishia nguvu ambacho hukili. Muguka huondoa njaa lakini hauondoi haja ya mwili kupata chakula, kama vile kumfunga mbwa mdomo hakumwondoi mwizi. Kula kwanza. Uji mzito wa wimbi au mtama asubuhi kabla ya kugusa jani lolote, na githeri au wali na ndengu mchana, hata kama hujisikii kula. Na uache kutafuna mapema mchana ili upate kulala. Ukiona huwezi kuacha, uende zahanati ukaseme wazi, si aibu.

Juu ya shamba lote kuwa muguka, nina maneno ya kusema na baba yako. Muguka hulipa, tena hulipa upesi, nasi hatumwambii mtu ang'oe kilichosomesha watoto wake. Lakini wakulima wa miraa wa Meru wanaukumbuka mwaka 2014, Uingereza ilipofunga soko lake, na ndege zilizokuwa zikipeleka mizigo London zikawa hazina cha kupeleka. Na mwezi wa Mei 2024 kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, na nyingine za pwani zikafuata. Mahakama Kuu iliisimamisha amri ile, ndiyo, lakini mkulima alijifunza ya kwamba soko lake laweza kufungwa kwa karatasi moja iliyotiwa sahihi mbali na kwake. Mtu mwenye nusu ekari ya ndengu na kunde siku kama hiyo ana hasira tu. Asiyekuwa nayo ana hasira na njaa.

Mzee mmoja wa Imenti auliza kama ni kweli wimbi na mtama huponya ugonjwa wa sukari, maana jirani yake ameacha dawa na kula uji tu. Mzee, si kweli. Vyakula hivyo ni vizuri, na bora kuliko mkate mweupe na chai yenye vijiko vitano vya sukari, lakini si dawa. Jirani yako arudi kliniki upesi, akale wimbi lake huku anameza dawa zake.

Sasa niseme jambo lisiloulizwa na yeyote, ila nimeliona kwa macho. Wakati wa kuchambua mahindi, yaliyo safi hutiwa katika magunia ya kuuza, na yale yaliyobadilika rangi au kushika ukungu hubakizwa ya nyumbani. Hiyo siyo haki ya chungu niliyoinena. Mwaka 2004, Ukambani jirani zetu, hasa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa sumu ya ukungu wa mahindi, sumu iitwayo aflatoksini. Kuchemsha hakuiondoi, kukoboa huipunguza tu. Mahindi yakaushwe juu ya turubai wala si juu ya udongo, mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 13 na nusu. Kama huna kipimo, chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi kidogo na chumvi kavu, tikisa, uache yatulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi, rudisha juani. Yaliyooza usimpe mtoto, wala kuku, wala ng'ombe, kwa sababu sumu hiyo hupita mpaka ndani ya maziwa.

Mama wa Runyenjes auliza ni maharage gani ya kupanda kwa ajili ya kula, maana shamba lake ni dogo na majani chai yamekwisha kulijaza. Aulizie mbegu iitwayo Nyota kwa Bwana Shamba au katika kituo cha KALRO cha Embu. Huiva upesi, kwa muda wa miezi miwili na siku chache, na ina madini ya chuma na zinki mengi kuliko maharage ya kawaida. Apande mvua za Oktoba zinapoanza, na kandokando ya nyumba aweke terere, managu na kunde, ambazo hazidai nafasi kubwa ila maji ya kuoshea vyombo.

Na yule bwana aliyeandika mistari miwili tu, akiuliza ufunguo wa ghala la chakula ukae kwa nani: ukae kwa mama wa nyumba, na baba asiuze gunia lolote bila ya kumwuliza. Tena kwa kuwa umeuliza habari ya funguo, mwezi wa Oktoba bonasi ya majani chai ikitangazwa, karatasi ya malipo isomwe mezani nyote wawili mkiwapo, kabla ya mtu yeyote kutoka kwenda sokoni.