Kabla Uuze Hiyo Gita, Angalia Poti

Kuna msee huku kwetu anataka kuuza gita yake ya umeme juu eti "haina sauti". Mwaka huu nimekutana na watatu, wawili Kisii mjini na mmoja Keroka, pale mpakani mwa kaunti zetu mbili. Gita zote tatu zilikuwa sawa. Zilikuwa na nobu mpya za volyumu, na chini ya hizo nobu kulikuwa na poti ambazo hazikufaa kuwa hapo.

Poti ni potenshiometa, kile kidude cha miguu mitatu ambacho nobu ya volyumu au toni inakizungusha. Ndani yake kuna utepe wenye ukinzani, na kijiti kinachotembea juu ya huo utepe. Watu wengi hudhani ukifungua nobu hadi mwisho, poti imetoka njiani. Haijatoka. Inaendelea kuvujisha kidogo ya sauti kwenda kwa waya wa ethi, na kinachotangulia kuvuja ni trebo, ile sauti nyembamba inayokata. Namba ya poti ikiwa ndogo, inavujisha zaidi. Ndiyo maana pikapu za koili moja, kama za Stratocaster, kwa kawaida hupewa 250K, na humbaka, zile nene za koili mbili, hupewa 500K ndiyo zisisikike nzito sana. (Pikapu ya gita, jameni, si ile ya kubeba ndizi.)

Sasa, fundi wa redio wa huku namheshimu sana. Amefufua wufa za mtaa mzima. Lakini droo yake imejaa poti za amplifaya: 10K, 50K, 100K. Ukimpelekea gita atatafuta inayoingia kwa shimo, alehemu vizuri kabisa, na sauti itatoka. Ila itatoka kama mtu anaimba akiwa amejifunika blanketi. Kuna jamaa wa Nyamira alibadilisha pikapu mara mbili, mara mbili! Pesa ya kuchuma chai ikaisha, na 50K ikabaki imekaa hapo ndani inakula trebo ya pikapu mpya vile ilikula ya zamani.

Na hapa ndipo nabishana na wasee wa YouTube. Wengi wao wanapiga roki na distoshoni, na distoshoni inajitengenezea ukali wake, kwa hivyo wanaweza kukwambia poti ni kitu kidogo, nunua pikapu kwanza. Sisi hatupigi hivyo. Benga tuliyochukua kwa majirani zetu Waluo, na gita la Kigusii la kina Christopher Monyoncho, linapigwa safi, juu kabisa ya shingo, noti moja moja kwa kasi, likijibizana na mwimbaji. Hakuna pa kujificha. Obokano na nyuzi zake nane tayari inanguruma huko chini, hiyo kazi ina mwenyewe. Kazi ya gita ni kukata juu. Trebo ikienda, kibodi inakumeza na hakuna mtu atakumbuka ulikuwa kwa steji. Kwetu poti inakuja kabla ya pikapu, na siombi msamaha kwa kusema hivyo.

Halafu kuna herufi. Kwenye poti nyingi za siku hizi utaona A au B kabla ya namba. B inapanda sawa sawa, A inapanda kwa mkunjo unaofuata vile masikio yetu husikia. Volyumu weka A, usijadiliane na mtu. Sisi hucheza na nobu: mwimbaji akiingia unashuka, wachezaji wakichachamaa unafungua. Ukiwa na B utazungusha kutoka 10 hadi 3 usione tofauti ya maana, halafu ghafla sauti inaporomoka, na hiyo ni aibu kwa harusi ya watu. Kwa toni pia napendelea A, lakini ukikosa, B haitakuua.

Kapasita ya toni nitapita haraka: 0.022 mikrofaradi kwa humbaka, 0.047 kwa koili moja, kisha uende ukafanye mazoezi. Kuna watu wanapigana mtandaoni juu ya rangi ya kapasita. Sina nguvu ya hiyo vita. Pesa kidogo ikibaki, afadhali uweke kapasita ndogo ya nanofaradi 1 kati ya mguu wa kuingia na wa kutoka wa poti ya volyumu, pamoja na rezista ya 150K kando yake. Ukishusha volyumu, trebo haitapotea.

Kitu kimoja nakubali. Kama kanisani unachomeka gita moja kwa moja kwa miksa, kwa tundu la laini, poti haitakuokoa. Amplifaya ya gita huipokea gita kwa karibu 1,000K. Tundu kama hilo la miksa mara nyingi ni kama 10K tu. Ni kama umejiwekea poti mbovu nje ya gita. Hapo tafuta kisanduku cha DI kwanza, aina inayotumia betri au umeme wa miksa.

Na kama shida yako ni kukwaruza tu ukizungusha, puliza dawa ya kusafisha poti uizungushe mara ishirini hivi. Usinunue kitu.

Ukienda kununua, beba ile ya zamani, kwa sababu kuna zinazoingia kwa shimo la milimita 8 na zingine zinataka karibu 9.5. Omba multimita, pima miguu miwili ya pembeni: iliyoandikwa 500K inaweza kuwa 400K au 600K na bado kiwanda kinasema iko sawa. Mimi huchukua ya juu. Ukikosa mjini, agiza Luthuli Avenue, ipandishwe matatu.

Usiseme "nipe ya volyumu". Sema A500K, ya gita. Akikuletea B, mrudishie pole pole, mwambie "asante, omogaka", halafu umuulize kama anaweza kukuagizia.