Siku Nne za Kumzika Mama

Mama yangu alihamia kwangu Dar es Salaam mwezi Julai mwaka jana. Nasema "alihamia" kwa kuwa ndivyo tulivyozoea kusema. Ukweli ni kwamba alihamishwa. Kikao cha familia kilikaa kijijini, Bukoba, kikajadili usalama wake, gharama, na nani kati yetu ana chumba cha ziada. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa hatua chache kutoka tulipo, akimenya ndizi. Hakuna aliyemuuliza. Mimi, ninayewafundisha vijana juu ya ushiriki wa mwananchi katika maamuzi yanayomhusu, ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa kikao.

Ugonjwa wake ulikuwa umeanza zamani. Chungu kikisahauliwa motoni, tulicheka. Alipoanza kuuliza swali lile lile mara tano kabla ya chai kumalizika, tulimpeleka kituo cha afya, tukaambiwa kuwa huo ni uzee tu. Daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliueleza ugonjwa unaobeba jina lake mwaka 1906. Demensia, ambayo ugonjwa huo ni chanzo chake kikuu, Shirika la Afya Duniani linasema inawapata watu zaidi ya milioni 55, na wengi wao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwetu bado ni "uzee tu". Afadhali hata hilo, maana ziko sehemu za nchi hii ambako bibi anayetangatanga usiku akizungumza peke yake hupewa jina jingine, na tunajua vikongwe wa Kanda ya Ziwa wamelipia jina hilo kwa panga.

Miezi miwili ya mwanzo ilikuwa migumu kuliko tulivyotarajia. Kila jua lilipoelekea kuzama, Mama alifunga kitenge, akachukua mkoba wake, akasimama getini akitaka afunguliwe arudi nyumbani, kwa kuwa kuku hawajafungiwa. Nilimweleza, kwa hoja na ushahidi kama msomi, kwamba kuku waliuzwa, kwamba nyumba ina mpangaji, kwamba hapa ndipo nyumbani. Kila siku nilimpa habari hiyo mpya, na kila siku aliilia upya. Ilinichukua muda kuelewa kuwa sikuwa nikimfariji. Nilikuwa nikimfilisi kila jioni.

Aliyenifundisha ni shangazi, aliyekuja kukaa nasi wiki tatu na ambaye elimu yake ni darasa la nne. Mama alipodai kwenda kufungia kuku, shangazi alimwuliza, kwa Kihaya, kuku ni wangapi na jogoo ni wa rangi gani. Walizungumza kuhusu kuku mpaka giza likaingia na chakula kikawa tayari. Shangazi ndiye pia aliyeagiza kigoda chake cha zamani na mkeka wake viletwe kutoka kijijini, akaamuru Mama apewe ndizi za kumenya kila asubuhi, hata kama amezimenya vibaya na nyingine zitatupwa. Tena aligundua jambo ambalo sisi hatukuliona: Kiswahili kilikuwa kinamtoka Mama, lugha aliyojifunza ukubwani, wakati binti anayemhudumia, mzaliwa wa Singida, hajui neno la Kihaya. Kutwa nzima Mama alikuwa anaishi ugenini bila mkalimani. Sasa binti huyo anajua maneno kama arobaini, na wote wawili wanacheka zaidi.

Hapa ndipo jambo la nyumbani kwangu linapokuwa la umma. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaitaja familia kuwa mhimili wa matunzo, na makazi ya wazee kuwa kimbilio la mwisho. Sipingi. Lakini kuikabidhi familia jukumu bila kuipa nyenzo ni kujivua jukumu. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kilimpa mfanyakazi likizo yenye malipo isiyopungua siku 4 mtoto wake anapougua au kufariki, na pia anapofiwa na mzazi. Ugonjwa wa mzazi hakikuutaja. Kwa maneno mengine, mtunga sheria alinipa siku 4 za kumzika Mama na hakunipa hata moja ya kumpeleka kliniki. Ninyi mnaosoma hapa mkiwa katika ofisi za maafisa utumishi mnajua jinsi tunavyoliziba pengo hilo: kwa ruhusa za kuombana, na kwa uongo mdogo mdogo.

Mwaka 2022 Wizara ya Afya, Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto iligawanywa. Neno "Wazee" halikuingia katika jina la wizara yoyote kati ya mbili zilizozaliwa. Limemezwa na "Makundi Maalum". Pengine ni jambo dogo. Lakini mtu aliyeona mama yake akipotelewa na majina moja baada ya jingine hawezi kulipita bila kusimama.

Wapo wanaoniuliza kwa nini sikumpeleka kwenye makazi ya wazee, na wapo watakaoniita msaliti wa mila kwa kulifikiria tu. Nimelifikiria. Kuna usiku nililifikiria kwa hamu. Lakini tusidanganyane kwamba nyumba zetu za mjini si makazi ya aina hiyo: kuna ukuta, kuna geti lenye kufuli, na kuna mhudumu asiye na mafunzo, asiye na zamu ya kumpokea, anayelipwa mshahara ambao mimi nisingekubali kuufanyia kazi wiki moja. Tofauti ni kwamba hayakaguliwi na mtu. Ningependa kuona kituo cha mchana katika kila wilaya, ambapo mzee hushinda na wenzake na jioni akarudi kwake. Na ningependa mhudumu wa afya ngazi ya jamii afundishwe kuitambua demensia, aieleze familia kabla mganga hajaieleza kwa namna yake.

Ijumaa iliyopita Mama aliniuliza mimi ni mtu wa wapi. Nikamjibu kuwa ni wa Bukoba. Alifurahi sana, akaniambia basi nisubiri kidogo, amalize ndizi, tusafiri pamoja.