MODEMU NA KIBALI: NANI APIME, NANI AUZE?

Aghalabu mtu anunuaye chombo cha mawasiliano haulizi kama chombo hicho kimepata kibali cha serikali. Huuliza bei, hujaribu kama kinawaka, kisha hulipa. Lakini kila chombo kinachounganishwa na mtandao wa taifa kina kanuni zake, na kanuni hizo huweza kumlinda mtumiaji au kumkamua. Jambo linalotofautisha hali hizo mbili ni moja: ni nani aliyekabidhiwa kazi ya kupima. Historia ya modemu za simu yaonyesha jambo hili waziwazi.

Modemu na hatari zake

Kompyuta hufanya kazi kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Waya wa simu, kwa upande wake, uliundwa kuchukua sauti ya binadamu, yaani mitetemo ipatayo 300 hadi 3,400 kwa sekunde. Modemu ndiyo mkalimani baina ya viwili hivyo. Katika modemu ya Bell 103, iliyotolewa na kampuni ya AT&T ya Marekani mwaka 1962, upande uliopiga simu ulitoa mlio wa mitetemo 1,070 kwa sekunde kuonyesha 0, na 1,270 kuonyesha 1. Upande uliopokea ulitumia 2,025 na 2,225. Hivyo pande zote mbili ziliweza kupeleka habari kwa wakati mmoja bila kuingiliana.

Chombo cha namna hii kikitengenezwa ovyo huleta hatari za kweli. Kwanza, umeme wa nyumbani ukivuja na kuingia katika waya wa simu waweza kumwua fundi aliye juu ya nguzo. Pili, mlio wenye nguvu kupita kiasi huingia katika waya wa jirani na kuvuruga mazungumzo yake. Tatu, mitambo ya zamani ya Marekani iliutambua mlio wa mitetemo 2,600 kwa sekunde kuwa ishara kwamba njia ya masafa marefu haitumiki. Chombo kilichotoa mlio huo bila kukusudia kiliweza kukata simu. Kwa hiyo, asemaye kwamba kanuni hazihitajiki hajaufahamu mtandao.

Mpimaji aliyekuwa pia muuzaji

Taabu ilianza pale hatari hizo zilipogeuzwa kuwa ngao ya biashara. Kwa miaka mingi AT&T ilikataza kuunganisha na simu chombo chochote ambacho haikukitoa yenyewe. Katazo hilo lilifika hata kwa Hush-A-Phone, kikombe kilichofungwa kwenye mdomo wa simu ili watu wa jirani wasisikie mazungumzo. Kikombe hicho hakikuwa na umeme wowote, lakini ilidaiwa kwamba chadhuru huduma ya simu. Tume ya Mawasiliano ya Marekani ilikubaliana na kampuni. Mwaka 1956 mahakama ya rufani ikautengua uamuzi huo.

Mwaka 1968 Tume hiyo iliamua shauri la Thomas Carter wa Texas. Yeye alitengeneza Carterfone, kitako ambacho mkono wa simu uliwekwa juu yake ili sauti ipite kati ya simu na redio ya mawasiliano. Carter alishinda, na katazo la jumla likaanguka. AT&T ikakubali vyombo vya wengine, ila kwa sharti kwamba kati ya chombo na waya kiwepo kisanduku cha kinga kilichokodishwa na kampuni za simu zenyewe kwa malipo ya kila mwezi. Modemu ya AT&T haikutakiwa kuwa na kisanduku hicho. Mtu aliyenunua modemu ya mshindani alilipa mara mbili: alilipia chombo, kisha akalipia ruhusa ya kukitumia.

Waliotaka kuyakwepa malipo hayo walitumia modemu ya sauti. Mkono wa simu ulilazwa katika vikombe viwili vya mpira. Kimoja kilikuwa na spika, kingine kipaza sauti. Kwa kuwa hakuna waya uliounganishwa, kanuni haikuvunjwa. Lakini mlango ukibamizwa chumbani, kelele yake iliingia pamoja na habari na kuzichafua. Aghalabu modemu hizo zilikwenda kwa biti 300 kwa sekunde. Kila herufi ilihitaji biti 10, yaani herufi 30 kwa sekunde. Ukurasa wenye herufi 1,800 ulichukua dakika nzima. Modemu ya biti 2,400 iliyounganishwa moja kwa moja ingeupeleka ukurasa huo kwa sekunde saba na nusu. Pale ambapo simu ililipiwa kwa muda, tofauti hiyo ilionekana katika hesabu ya mwisho wa mwezi.

Katika Ujerumani Magharibi hali ilikuwa kali zaidi. Shirika la Deutsche Bundespost liliendesha mtandao, likatoa modemu zake, na utoaji wa vibali ukawa mikononi mwake pia. Kuunganisha modemu isiyo na kibali lilikuwa kosa la jinai. Mwaka 1985 wanachama wa Chaos Computer Club walichapisha maelezo ya kujitengenezea modemu ya sauti ambayo vikombe vyake vilitokana na mipira ya mabomba ya choo, wakaiita Datenklo, yaani choo cha data. Jina hilo lilikuwa mzaha, lakini lilibeba malalamiko ya haki.

Dawa iliyopatikana

Mwaka 1975 Tume ya Marekani ilitunga kanuni mpya. Baada ya kesi kadhaa mahakamani, zikaanza kutumika kikamilifu kabla ya muongo huo kwisha. Kanuni hizo hazikujali chombo kimeundwa na nani. Zilitaja mipaka ya umeme na ya nguvu za mlio katika mahali chombo kinapokutana na waya. Kilichotimiza masharti kiliandikishwa, na kisanduku cha kukodi kikakosa kazi. Mwaka 1977 Dennis Hayes alianza kutengeneza modemu nyumbani kwake Georgia, na mwaka 1981 kampuni yake ikatoa Smartmodem iliyounganishwa moja kwa moja na waya wa simu. Mtandao haukubomoka.

Uingereza nayo ilifungua soko kwa sheria ya mwaka 1981, ikaunda bodi ya vibali iliyokuwa nje ya kampuni ya simu. Chombo kilichoidhinishwa kilibandikwa duara la kijani. Kisichoidhinishwa, pembetatu nyekundu. Hata hivyo, chombo chenye pembetatu kiliweza kuuzwa dukani. Kukiunganisha ndiko kulikokatazwa. Muuzaji alipata fedha yake, na mnunuzi akabaki na hatari.

Funzo kwa Afrika Mashariki

Modemu za simu zimepitwa na wakati, lakini suala lake halijapitwa. Leo simu za mkononi na vyombo vya redio huhitaji idhini ya TCRA nchini Tanzania na ya Mamlaka ya Mawasiliano nchini Kenya. Ni jambo jema kwamba mamlaka hizo haziuzi simu. Kosa la mpimaji aliye muuzaji limeepukwa. Lakini kosa la pembetatu nyekundu bado lahitaji kuangaliwa. Simu bandia zilipozimwa Kenya mwishoni mwa Septemba 2012, na Tanzania mwezi Juni 2016, sababu ya kuzima ilikuwa nzito. Hata hivyo, hasara iliyokuwa ya papo kwa papo ilimwangukia aliyenunua, ambaye huenda alinunua dukani mchana kweupe bila kujua.

Haki yataka upimaji ufanyike bandarini na katika ghala la mwagizaji, na hasara imrudie aliyeingiza bidhaa. Hali kadhalika, ada ya kupima isiwe kubwa kiasi cha kumzuia kijana aliyeunda chombo chake katika karakana ya shule. Mwalimu wa fizikia aweza kuwafundisha wanafunzi wake kwamba kibali ni kipimo, na kipimo huwa na tarakimu. Yeyote anayekataza chombo hana budi kuzitaja.