Mtu ni Afya, Ngitili ni Uhai

Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliikubali tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga. Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, alipotoa pendekezo hilo hakusifu mazoezi ya viungo peke yake. Alieleza kwamba mtu anayebadili mwenendo wa maisha yake anasaidia pia kukabili mabadiliko ya tabia nchi. Hivyo afya, mazingira na sera viliwekwa katika kapu moja.

Fikra hiyo si ngeni kwa Watanzania. Mwaka 1973 watu wazima wapatao 2,000,000 walikusanyika katika vikundi kando ya redio kujifunza Mtu ni Afya. Ikafuata Chakula ni Uhai mwaka 1975, na Misitu ni Mali mwaka 1980. Kampeni hizo zilikuja moja baada ya nyingine, ingawa katika nyumba ya mkulima afya, chakula na kuni havikai mbalimbali.

Usukuma ilijifunza jambo hilo kwa gharama kubwa. Miti ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, hata malisho na kuni vikaadimika. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986, ulifanikiwa kwa sababu uliwarudisha wananchi kwenye desturi yao wenyewe ya ngitili: malisho hufungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kinapokaza. Hekta zipatazo 600 za mwaka 1986 zikawa zaidi ya 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000, nazo zikaleta nyasi, kuni, asali na dawa za miti shamba.

Bukundi, iliyokuwa katika Mkoa wa Shinyanga hadi Simiyu ilipoundwa mwaka 2012, ni mrithi wa mafunzo hayo. Lakini ngitili isiyo na mpaka ulioandikwa yaweza kugeuzwa shamba au tanuri la mkaa katika msimu mmoja, na kazi ya miaka ishirini ikapotea. Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuulinda. Sheria haijitekelezi yenyewe. Inamngoja mtumishi atakayefika kijijini, akae na wazee wa dagashida na wafugaji, asikilize kabla ya kuagiza. Kumfungia mfugaji malisho bila kukubaliana naye ng'ombe wapite wapi ni kumwalika avunje sheria.

Mwalimu naye ana sehemu yake. Mwanafunzi anayenyoosha viungo asubuhi na afahamu kwamba afya hiyo hailindwi na mazoezi tu, bali pia na maji safi, chakula cha kutosha, na kuni ambazo mama yake hazifuati mwendo wa nusu siku.

Ngitili zilizopo zipimwe na kuandikishwa sasa, zingali na miti.