Kutojua Si Wizi, Kunyamaza Ndiko Wizi

Najua nimepotea, kazi ilinibana. Leo sitawaletea programu mpya wala somo la kuandika msimbo. Leo nataka kugombana. Nagombana na watu wa aina tatu, na katika ile ya mwisho nimo mimi mwenyewe, kwa hivyo vumilieni.

Kisa chenyewe ni karata. Pale ofisini huwa tunazicheza wakati wa chakula cha mchana. Mwezi uliopita niliwaonyesha wenzangu mchezo niliokuwa nimeufanyia mazoezi kwa miezi mingi. Unakata karata 52 katikati, 26 huku na 26 huku, halafu unazisuka moja baada ya nyingine bila kukosea hata moja. Wanamazingaombwe huita huku kuchanga kwa faro, na kuna namna mbili tu. Karata ya juu ikibaki juu, umechanga kwa nje. Ikishuka ikawa ya pili, umechanga kwa ndani. Ukichanga kwa nje mara 8 mfululizo, karata zote zinarudi kwenye mpangilio wa mwanzo kana kwamba hukuzigusa. Ukichanga kwa ndani utahitaji mara 52.

Basi nikamwambia mwenzangu ataje namba. Akasema sita. Nikachanga mara tatu, nikaondoa karata sita, nikafunua ya saba: ile ile iliyokuwa juu kabisa! Siri ni hii. Andika sita kwa namba za sifuri na moja, zile zinazotumiwa na kompyuta, utapata 110. Moja ni ndani, sifuri ni nje. Kwa hivyo: ndani, ndani, nje. Ukitaka karata ishuke chini ya karata kumi, kumi ni 1010: ndani, nje, ndani, nje. Niliigundua nikiwa nacheza na programu ndogo niliyoiandika usiku mmoja, na nusura niruke kwa furaha.

Watu walipiga makofi. Nikasema, "Hii nimeibuni mwenyewe."

Kesho yake asubuhi, binti mmoja aliyekuja kwetu kufanya mazoezi ya kazi akanijia polepole: "Samahani kaka, ile ya jana si ya Alex Elmsley?" Nikacheka, nikamwambia nitaangalia. Jioni nikaangalia. Ilikuwa ya Elmsley kweli. Alikuwa Mskoti, mwanamazingaombwe na pia mwandishi wa programu za kompyuta, aliyezaliwa 1929 na kufariki 2006. Aliieleza hesabu hiyo miaka ya 1950, na yeye ndiye aliyezipa zile namna mbili majina ya ndani na nje. Yaani mtu wa kazi yangu hii hii alifika pale kabla baba yangu hajazaliwa.

Nikafanya nini? Nikanyamaza. Wiki mbili nzima. Katika wiki hizo bosi aliniita niwaonyeshe wageni, akanitambulisha kuwa ndiye mbunifu wa mchezo ule, nami nikatabasamu. Yule binti alikuwa amesimama mlangoni.

Tutarudi hapo. Kwanza nianze na wale wengine.

Wa kwanza ni wale wanaosema, "Mbona mnagombania karata? Hakuna jipya chini ya jua, kila mtu ameiga." Hoja hii inasikika kama hekima lakini ni uvivu. Tazameni hali ilivyo. Ukiandika wimbo, sheria inakulinda. Ukibuni mtambo, unaweza kuomba hataza. Ukibuni mbinu ya karata, je? Sheria ya hakimiliki ya Marekani inasema wazi kwamba hailindi wazo, utaratibu wala mbinu, bali namna vilivyoelezwa. Mwaka 2014 mahakama ya Nevada ilimpa ushindi mwanamazingaombwe Teller dhidi ya msanii mwingine aliyeiga mchezo wake wa kivuli na waridi, lakini mahakama ilisisitiza kuwa mazingaombwe yenyewe hayana hakimiliki. Kilicholindwa ni igizo, zile ishara na mpangilio wa vitendo jukwaani.

Sasa fikirieni mtu aliyekaa miaka akitafuta namna ya kuhesabu karata nne mkononi huku moja isionekane kamwe. Mtu huyo ni Elmsley huyo huyo. Hapati senti kila inapotumika. Mwaka 1960 Dai Vernon, mwalimu mkuu wa karata wa karne iliyopita, alitoa mchezo wake wa ree nne zinazogeuka moja moja, na mchezo huo ndio ulioieneza mbinu ya Elmsley kila mahali. Vernon alikuwa na jina kubwa kuliko Elmsley. Ingekuwa rahisi sana hesabu ile iitwe ya Vernon. Haikuitwa hivyo. Mpaka leo ni hesabu ya Elmsley. Hicho ndicho alicholipwa, na mahali ambapo sheria haikupi kitu, jina ndilo mshahara. Anayesema majina hayana maana anasema mfanyakazi asilipwe. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Tena jina si sifa tu, ni anwani. Mwaka 1902 kilitoka Chicago kitabu kiitwacho The Expert at the Card Table, na mwandishi akajiita S. W. Erdnase. Lisome jina hilo kinyumenyume utapata E. S. Andrews. Zaidi ya miaka 120 watu wanabishana alikuwa nani hasa: mwandishi Martin Gardner alimtaja mcheza kamari mmoja aliyeitwa Milton Franklin Andrews, wengine wakamtaja mhandisi wa migodi W. E. Sanders. Haijathibitishwa. Lakini ukisema "mbinu hii imetoka kwa Erdnase", mwanafunzi anajua afungue kitabu gani na asome nini. Mtu asiyejulikana hata ni nani bado anawafundisha watu, kwa sababu tu waliomfuata hawakulifuta jina lake. Ukilifuta jina unaifunga na njia.

Wa pili ni wale wa upande wa pili kabisa, mahakimu wa tarehe. Kwao hoja ni moja: aliyechapisha kwanza ndiye mwenyewe, kesi imekwisha. Hawa nawaheshimu kidogo kwa sababu angalau wanafungua vitabu. Lakini kanuni yao ina tundu kubwa. Inampa ushindi mwenye kalamu dhidi ya mwenye mkono.

Chukueni kisa cha Allen Kennedy. Mwaka 1932 Vernon alikuwa Wichita, Kansas, akasikia kwa mfungwa mmoja kwamba yuko mtu anayeweza kugawa karata kutoka katikati ya fungu, na usione kitu. Wengi waliiona hiyo kama ndoto. Vernon akaanza kumsaka, mji hadi mji, mpaka akampata Pleasant Hill, Missouri: mcheza kamari, kimya, asiye na kitabu wala jukwaa. Mtu kama huyo angechapisha nini? Ukichapisha mbinu ya kuibia mezani umejifukuzia riziki, au umejichimbia kaburi. Kwa kanuni ya tarehe, Kennedy ni sifuri. Tunamjua kwa sababu moja tu: Vernon aliporudi kwa wenzake alisema nani alimfundisha. Angeweza kusema "nimeibuni mwenyewe" na hakuna ambaye angembishia.

Na tarehe zenyewe huwaumbua mahakimu hawa. Kuna mpangilio maarufu wa karata ambao kila moja inazidi iliyotangulia kwa tatu, na rangi zinafuatana kwa zamu. Unaitwa kwa jina la Si Stebbins, msanii wa jukwaani wa Marekani aliyeuuza mwishoni mwa karne ya 19. Lakini wazo la kupanga karata kwa hesabu lilikuwa tayari katika kitabu cha Horatio Galasso kilichotoka Venice mwaka 1593. Miaka mia tatu! Je, tumwite Stebbins mwizi? Sisemi hivyo. Nasema jina lililobandikwa kwenye mbinu ni mwanzo wa uchunguzi, sio hukumu.

Ndugu zangu wa kompyuta, msicheke, nanyi mna deni lenu. Mkitaka programu ichange karata sawasawa, wengi wenu mnatumia algoriti mnayoiita ya Knuth. Ronald Fisher na Frank Yates waliieleza mwaka 1938, kwa kalamu na karatasi, katika kitabu cha majedwali ya takwimu. Richard Durstenfeld akaiandika kwa ajili ya kompyuta mwaka 1964, na kwa njia ya haraka zaidi. Donald Knuth akaieneza kwa kitabu chake cha 1969. Watu wanne, kazi tatu tofauti: kuwaza, kuboresha, kueneza. Matoleo ya baadaye ya kitabu cha Knuth yaliwataja Fisher na Yates. Knuth hakupungukiwa na kitu. Mbona sisi tunaogopa?

Sasa nifike kwa wa tatu, yaani mimi. Huyu ndiye anayesema, "Lakini niliigundua mwenyewe!" Na anasema kweli. Sikuwahi kumsoma Elmsley. Usiku ule furaha yangu ilikuwa halali, na hakuna anayeweza kuninyang'anya. Watu wawili wakipita msitu mmoja wanaweza kuuona mti mmoja. Hilo si kosa.

Ila kuna mtu aliyenionyesha kosa liko wapi. Kuna mchezo mmoja mzuri sana: karata 32, watu watano wanachukua karata zinazofuatana, mwanamazingaombwe anasema wenye nyekundu wasimame, na papo hapo anazitaja zote tano. Karata zimepangwa kwa duara kiasi kwamba kila namna ya watano kusimama na kukaa, nazo ni 32, inatokea mara moja tu. Hesabu ya mzunguko huo inaitwa kwa jina la Nicolaas de Bruijn, Mholanzi aliyeichapisha mwaka 1946. Baadaye ikajulikana kwamba Mfaransa Camille Flye Sainte-Marie alikuwa ameshalijibu swali hilo mwaka 1894, na jibu lake likasahaulika.

De Bruijn alifanya nini? Alikuwa na jina, alikuwa na heshima, na miaka karibu 30 ilikuwa imepita. Angeweza kutabasamu kama mimi mbele ya wageni. Badala yake, mwaka 1975 alichapisha maandishi mahsusi ya kukiri kwamba Flye Sainte-Marie alimtangulia, na kukiri huko kumo katika kichwa chenyewe cha maandishi. Ajabu ni kwamba mpaka leo mzunguko ule bado unaitwa wa de Bruijn! Alimpa mwenziwe haki yake na bado hakupoteza chochote.

Basi hapo ndipo ninaposimama, na atakayenipinga anipinge. Kugundua kitu kilichokwisha kugunduliwa si wizi. Kutojua si wizi. Hata kukosea jina si wizi, mradi unasahihisha. Wizi unaanza dakika ile unapojulishwa, ukanyamaza. Kuanzia hapo kila makofi unayopigiwa umeyatoa mfukoni mwa mtu mwingine. Mimi niliiba kwa wiki mbili.

Tena mwenye haki katika kisa changu hakuwa Elmsley peke yake. Alikuwepo na yule binti. Alijua kitu ambacho mkubwa wake hakukijua, akakisema kwa adabu, na malipo yake yakawa kuniona nikidanganya mbele ya wageni. Alijifunza nini siku ile? Kwamba ukweli ni wa wadogo na makofi ni ya wakubwa. Kama kuna hasara katika ugomvi huu wote wa nani kabuni nini, ni hiyo. Erdnase na Elmsley hawapo tena kuumia. Yeye yupo, na kesho atakuwa na mwanafunzi wake.

Ijumaa iliyopita niliufanya mchezo tena, kwa watu wale wale, bosi akiwepo. Kabla ya kuchanga nilisema: "Hesabu hii ni ya Alex Elmsley, miaka ya 1950. Niliifikia peke yangu nikiwa nimechelewa miaka sitini na kitu, na aliyenijulisha ni huyu hapa." Bosi akauliza, "Si ulisema ni yako?" Nikasema, "Nilisema, na nilipojua si yangu nilinyamaza." Pakawa kimya. Masikio yaliniwaka moto, siwafichi. Kisha binti akataja namba, kumi na tisa, nami nikachanga mara tano na karata ikatoka pale pale.

Alipoinuka kwenda zake akaniambia, "Kaka, kumi na tisa nilikuwa nimeipigia hesabu tangu juzi, nikuone kama utakosea." Sikukosea kuchanga. Lile kosa lingine ndilo nimeandika hapa ili libaki na jina langu, kwani hilo ni langu kweli.

Haya, karata ziko mezani. Mwenye hoja aje nayo, na akiwa ameitoa kwa mtu, amtaje.