Tusimhukumu mtoto kabla ya kukikagua kishikwambi



Sifa njema zote anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, wiki hii safu yetu inakwenda Ipililo, mkoani Simiyu, katika nyumba ambayo mtoto wa miaka tisa alituhumiwa kwa kosa ambalo hakulitenda.

Bibi wa nyumba hiyo aliletewa kishikwambi na mwanawe anayefanya kazi Muscat. Kusudio lilikuwa jema: mjukuu wake, binti anayehifadhi Juzuu Amma, apate kumtazama na kumsikiliza msomaji hodari siku ambazo hawezi kufika madrasa. Nyakati za mvua udongo mweusi wa mbugani hushika miguu, na mtoto mdogo hawezi kuumudu mwendo ule. Kilipowashwa, ikaonekana hakina YouTube, na hata katika duka lake la programu haikuwamo.

Kijana wa jirani akajitolea kusaidia. Akamrushia Bibi programu kutoka katika simu yake, yenye alama nyekundu iliyofanana mno na ile halisi. Programu ikauliza maswali mengi: iruhusiwe kusoma ujumbe? Iruhusiwe kuona majina na namba? Iruhusiwe kutumia kamera? Kijana akabonyeza "ruhusu" kila ilipouliza. Video zikacheza, na Bibi akamwombea dua.

Haikupita wiki, mambo yakabadilika. Kifurushi cha wiki kikaisha kwa siku mbili. Kikanunuliwa kingine, nacho kikaisha. Kisha jioni moja, mtoto akiwa katikati ya Suratun-Nabaa, picha ya mwanamke asiyejisitiri ikatokea ghafla na kufunika kioo kizima. Bibi akaunganisha mambo hayo mawili, akahitimisha kuwa mtoto huamka usiku na kutazama machafu. Akamkemea mbele ya nduguze, akakitia kishikwambi sandukuni, akafunga. Mtoto akaapa kwamba hajui lolote, hakuaminiwa. Tangu siku hiyo akawa hasomi tena mbele ya bibi yake.

Siku chache baadaye akapita mwalimu wa shule ya msingi kuwajulia hali.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Heri umekuja. Huyu mtoto ameniharibikia."

Mwalimu akaomba akione kishikwambi. Vifaa vya aina hiyo amevizoea, kwa kuwa vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu. Akakitia chaji, akafungua Mipangilio, akaingia sehemu inayoonesha matumizi ya data ya kila programu. Karibu kifurushi chote kilikuwa kimeliwa na ile programu ya alama nyekundu, tena kwa sehemu kubwa wakati hakuna mtu aliyekuwa akitazama chochote. Hata kifurushi alichonunua Bibi asubuhi ya siku ile aliyokifungia kishikwambi, kilikwisha kikiwa ndani ya sanduku, na ufunguo ukiwa umefungwa katika pindo la kanga yake.

Bibi alinyamaza kitambo. Kisha akamwita mjukuu, akamkalisha karibu, akamwambia mbele ya wale wale nduguze: "Nisamehe, mjukuu wangu. Nimekudhulumu."

Ndugu msomaji, kabla ya kuyazingatia mafunzo, tufahamu kwanza kwa nini kishikwambi kizima kinaweza kukosa programu ambayo kila mtu anayo. Sababu zinazojulikana ni tatu. Ya kwanza, baadhi ya makampuni yana mfumo wao na duka lao. Vishikwambi vya Amazon viitwavyo Fire, vilivyoanza kuuzwa mwaka 2011, haviji na duka la Google. Ya pili ni siasa za biashara. Mwezi Mei 2019 serikali ya Marekani iliitia Huawei katika orodha ya vikwazo, na vifaa vyake vingi vilivyozinduliwa baada ya hapo vikatoka bila huduma za Google. Ya tatu ni ukongwe: kifaa chenye mfumo wa zamani hufika siku ambayo programu mpya zinakikataa. Kwa hiyo, kukosekana kwa programu si dalili kwamba kifaa ni kibovu au kwamba mletaji amepunjwa. Aghalabu ni mlango mmoja tu uliofungwa, na nyumba ina mlango mwingine.

Mlango huo ni kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia kurasa za intaneti ambayo kila kishikwambi huja nayo. Fungua kivinjari, andika youtube.com, na video zitacheza bila kuongeza programu yoyote. Anayetaka Qur'ani peke yake aingie quran.com, atakuta maandishi, sauti za wasomaji mbalimbali, na tafsiri ya Kiswahili ya Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani. Kivinjari kina upungufu wake: kwa kawaida hakikuruhusu kuhifadhi video uitazame baadaye bila mtandao, na sauti huweza kukatika kioo kikizimwa. Na ikiwa kifaa ni kikongwe mno, hata kivinjari chake kinaweza kushindwa.

Hapo tusione aibu kurejea njia ya wazee wetu. Kabla ya intaneti, darsa na mawaidha yalisafiri kwa kaseti kutoka mji hadi mji, na watu wakasoma. Leo mwalimu wa madrasa anaweza kukujazia sauti za sura zote za Juzuu Amma katika kadi ndogo ya kumbukumbu, na mtoto akasikiliza mwaka mzima bila kununua kifurushi.

Sasa tutazame mafunzo. Katika aya ya 27 ya Suratun-Nur, Mola wetu ametukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe idhini na kuwatolea salamu wenyewe. Adabu ya hodi ina pande mbili: mgeni abishe, na mwenye nyumba ajue anamfungulia nani. Programu inapoomba ruhusa ya kusoma ujumbe wako, inabisha hodi. Video ya Qur'ani haina haja ya kujua namba za jamaa zako wala kusoma ujumbe unaokuletea namba za siri. Mgeni anayekuja kukusomea Qur'ani kisha akaomba ufunguo wa sanduku la fedha, utamkaribisha?

Hatusemi kwamba kila programu inayotoka nje ya duka rasmi ni ya kitapeli. Wapo watengenezaji waaminifu. Lakini programu iliyorushwa kutoka simu hadi simu, asiyejulikana aliyeitengeneza, haina wa kumuuliza ikiharibu. Na zile zinazojinadi kuonesha bure filamu ambazo wenyewe wanaziuza, zina swali jingine la haki ya mtu, na Muislamu hapaswi kulipuuza kwa sababu tu mwenye mali yuko mbali.

Funzo la pili ni zito zaidi. Aya ya sita ya Suratul Hujurat inatuamrisha kuhakiki habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Aya ya 12 ya sura hiyo hiyo inatutahadharisha na dhana. Mara nyingi tunazisoma aya hizi tukiwafikiria majirani na wanasiasa. Watoto wetu nao ni watu. Heshima ya mtoto wa miaka tisa ni heshima, na dhulma aliyotendewa na mkubwa wake haifutiki kwa sababu mkubwa alikuwa na nia njema.

Basi, mzazi mwenzangu, kifurushi kikiisha kabla ya wakati, au picha chafu ikitokea, anza na kifaa. Tazama katika Mipangilio ni programu ipi imekula data. Ukiikuta usiyoijua, iondoe. Ikikataa kuondoka, huenda ilipewa cheo cha msimamizi wa kifaa. Ivue cheo hicho kwanza, kisha iondoe. Zima ruhusa ya kupakia programu kutoka vyanzo visivyojulikana, na ubadilishe maneno yako ya siri. Mambo yakiendelea, mpe mtu mwaminifu akirejeshe kifaa katika hali ya kiwandani. Na kifaa cha mtoto kisiwe na laini inayobeba fedha za familia.

Ukishayahakiki hayo yote, kaa na mtoto. Akiwa kweli amekosea, utamkanya ukiwa na ushahidi. Akiwa hana kosa, utakuwa umejiepusha na dhulma.

Nilipoondoka Ipililo, kishikwambi kilikuwa juu ya meza ya sebuleni, kimefunguliwa kwa kivinjari. Binti amefika Suratut-Takwir. Bibi, ambaye macho yake hayaoni vyema maandishi, hukaa kando yake na kumsikiliza, na mtoto akikosea, wote wawili hurudi mwanzo wa aya.

Allah atujaalie kuwa wachunga waadilifu kwa wale tuliokabidhiwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.