Simulizi za Katumba na Mishamo Zisizikwe Pamoja na Wazee

Mkoa wa Katavi ulianzishwa rasmi mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa, na mji wa Mpanda ukawa makao makuu yake. Lakini historia ya watu wake ina umri mkubwa kuliko mkoa wenyewe. Ndani ya mkoa huo yamo makazi ya Katumba na Mishamo, yaliyofunguliwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Walipewa msitu, nao wakaugeuza kuwa mashamba. Mwaka 2010 Serikali ya Tanzania iliridhia kuwapa uraia wa tajinisi watu zaidi ya 162,000 wa makazi hayo na yale ya Ulyankulu mkoani Tabora, na vyeti vikaanza kugawiwa Oktoba 2014.

Aliyevuka mpaka mwaka 1972 akiwa kijana wa miaka 20, leo umri wake umepita miaka 70. Kila mwezi tunazika wazee, na kila mzee huondoka na yale aliyoyaona kwa macho yake. Hatuna budi kuuliza: maneno yao yamehifadhiwa wapi?

Katikati ya miaka ya 1980 mtafiti Liisa Malkki alikaa Mishamo akisikiliza na kuandika. Kitabu chake, Purity and Exile, kilichapishwa Chicago mwaka 1995. Ni kazi yenye heshima, lakini imeandikwa kwa Kiingereza, nayo iko mbali na mkono wa mjukuu anayelima tumbaku Mishamo. Zamani udhuru ulikuwapo: kamera ilikuwa ghali, na studio ilikuwa mbali. Leo simu iliyomo mfukoni mwa kijana hurekodi sauti, hupiga picha na kuchukua video.

Na si lazima simulizi moja ipite njia moja tu. Redio ya jamii iliyopo Mpanda humfikia mkulima aliye shambani, hata asiyekuwa na intaneti. Kipande kifupi cha video humfikia kijana kwa WhatsApp. Picha zilizobandikwa katika ukuta wa shule humfundisha mtoto asiyekuwa na simu, na kijitabu cha Kiswahili hubaki baada ya simu kuharibika. Kila chombo kina watu wake. Anayetumia kimoja tu huwaacha wengi nje.

Hata hivyo, urahisi huo una hatari yake. Malkki alikuta kwamba waliokaa kambini Mishamo waliishika historia ya mateso yao kama nguzo ya umoja wao, ilhali wenzao waliokaa mjini Kigoma wengi walipenda kujichanganya na wenyeji bila kutajwa asili yao. Basi simulizi ile ile inayomtuliza mmoja yaweza kumfichua mwingine asiyetaka kujulikana. Tena, kumbukumbu ya damu ikikatwa vipande na kutupwa hewani bila mazingira yake huweza kuzaa chuki. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyokuwa Arusha, mwaka 2003 iliwatia hatiani watu watatu kwa jinsi walivyotumia redio na gazeti kuchochea mauaji ya mwaka 1994. Chombo hakina dhambi. Mkono unaokishika ndio unaoulizwa.

Sisi Waislamu jambo hili si geni kwetu. Maulamaa wa Hadithi hawakutosheka na maneno mazuri. Waliuliza nani kasema, kayasikia kwa nani, na je, ni mkweli? Sura Al-Hujuraat, aya ya 6, inatuamuru kuipeleleza habari kabla ya kuitendea kazi, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga.

Kwa hiyo, tunawausia vijana wa misikiti ya Mpanda na vijiji vyake wafuate utaratibu ulio wazi. Kwanza, mzee aombwe ridhaa kwa kila njia itakayotumika. Aliyekubali kuandikwa kitabuni hakukubali kuonwa na dunia nzima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inazilinda taarifa zake. Pili, arudishiwe rekodi aisikilize kabla haijatoka, na akitaka neno liondolewe, liondolewe. Tatu, rekodi kamili ihifadhiwe Mpanda, pamoja na tarehe na mahali iliporekodiwa, ili kipande kifupi kikipotoshwa pawepo pa kurejea. Nne, pasikilizwe pia wenyeji waliowapokea wageni hao, maana historia ya ujirani haisimuliwi na nyumba moja.

Kazi hii haingoji mfadhili. Inahitaji simu moja, subira na uaminifu. Mzee anayeswali nasi safu ya mbele Ijumaa hii huenda Ijumaa ijayo tukamswalia. Tumwendee angali hai, tukae chini, tumsikilize. Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuifikisha amana hii kama tulivyoipokea. Amin.